Ngoie Wawili, Kiti Kimoja

Mwezi uliopita tulimzika Prefe, mkuu wa shule niliyofundisha zamani. Nilikuwa matangani, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wamama wa kanisa, mtoto wangu mdogo kifuani, na kijana wa familia akawa anapita na mikrofoni akitafuta walimu wa zamani wa shule yake. Mmoja alisema Prefe alikuwa baba wa vijana wote wa Dilala, mtaa wetu hapa Kolwezi. Mwingine, ambaye wakati tunafanya kazi pale alikuwa akimwita mwizi kila alipokuwa mbali naye, alilia mpaka akashikwa mabega. Halafu mikrofoni ikafika kwangu. "Madame, simameni, museme neno moja juu ya Tata Prefe." Nikasema, "Mi siko na neno." "Hata moja?" "Hata moja." Mama wa pembeni yangu alinikanyaga mguu. Walileta bukari, ugali wetu, na bitoyo, samaki wa chumvi, nikala kama wote, nikarudi nyumbani na hasira yangu. Neno nilikuwa nalo. Najua wasichana wawili wa mama mmoja waliotaka kusoma wote wawili, na najua Prefe aliwafanyia nini getini. Ningelisema pale ningeharibu chakula cha watu, kwa hiyo naliandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikanyaga.

Mwaka ule, miaka saba iliyopita, nilikuwa na diploma yangu ya serikali, ya Leta kama tunavyosema, binti yangu wa kwanza wa miezi michache, na mwanaume hakuna. Mambo ya mwanaume tuyaache. Shule ilikuwa nyumba ya zamani ya wafanyakazi wazungu wa mgodi, moja ya zile za matofali mekundu zilizopangwa mstari mmoja Dilala, na mtu fulani mwenye feza aliinunua akaandika kolejo, yaani sekondari, ukutani. Mwaka wa saba ulikuwa sebuleni, pamoja na mahali pa moto ambapo wazungu waliota moto wakati wa baridi ya mwezi wa sita. Sisi tulitupa humo karatasi na maganda ya miwa. Mwaka wa nane, darasa langu, ulikuwa kwenye gereji. Gereji haina dirisha. Asubuhi tuliinua mlango mkubwa wa chuma, mwanga ukaingia, na vumbi la malori likaingia pamoja nao. Nyaya za umeme kutoka bwawa la Nzilo zilipita juu ya paa letu zikienda migodini, na sisi tulisoma kwa mwanga wa mlango. Ofisi ya Prefe ilikuwa jikoni. Alitandika ubao juu ya sinki, akaufanya meza, na ukimsikiliza kwa muda mrefu ulisikia bomba likidondosha matone chini ya maneno yake. Walinichukua kwa sababu mwalimu wa kabla yangu alipata kazi ya kushika bendera barabarani, kupitisha malori ya kampuni. Hakuaga. Aliacha koti lake jeupe kwenye msumari, nami nikalivaa mwaka mzima, mikono ikinizidi.

Viti vilikuwa vingi kuliko watoto. Siku ya depo la madini kununua mawe, wavulana hawakuja. Siku baada ya mvua kubwa, hawakuja, kwa sababu mvua inaosha ardhi na mawe yanaonekana juu bila kuchimba. Siku ya soko wasichana hawakuja. Kukiwa na kilio kwenye njia fulani, njia nzima haikuja, hata wasiomjua marehemu, kwa sababu kwenye kilio watu wanapewa kula. Nilianza kama kila mwalimu anavyoanza: niliwapigia kelele waliokuja kwa sababu ya wasiokuja. Niliwapigisha magoti. Niliwang'olesha majani ya uwanja. Waliokuja wakachoka, nao wakaacha kuja. Prefe akaniita jikoni. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, tai shingoni hata wakati wa joto, na alipenda kuongea kama mtu anayesoma tangazo, hasa juu ya mahudhurio. "Madame, prezansi! Mi siwezi kumuonyesha mwenye shule viti bitupu. Gereji ikibakia mutupu, ataingiza motokari yake mule, na we utaenda kuuzisha tomati." Binti yangu alikuwa mgongoni. Prefe alimwangalia, akaongeza, "Na ule naye utauzisha naye."

Basi nikaanza kugonga malango. Kila asubuhi, kabla ya kengele, nilifunga mtoto mgongoni nikapita lupango baada ya lupango, kila ua, nikiita majina. Nilijulikana upesi. Vijana wa pikipiki waliokaa kwenye kona na injini zao zimezimwa walinisubiri kama sinema. "Madame, leo mumekamata bangapi?" "Madame, mi nilikimbiaka masomo mu mwaka wa tano, munikamate na mi!" Mzee mmoja alinifungulia na mswaki mdomoni, akanisikiliza mpaka mwisho, akatema, akasema, "Tulikulipa ufundishe, hatukukulipa ututembelee." Mama mwingine alinishika mkono, akaniingiza ndani, akanionyesha mwanae amelala na miguu iliyojaa matope mekundu mpaka magotini. "Umuamushe we," alisema. "Mi naogopa. Njo anatulishaka." Sikumwamsha. Nilitoka na hasira, na sikujua ni hasira ya nani: ya kijana, ya mama, ya wale wanaonunua mawe, au ya Prefe aliyekaa jikoni kwake na chai. Leo nasikia watu redioni wakieleza kwa nini vijana wa Kolwezi hawapendi masomo. Wanaeleza vizuri sana. Hakuna hata mmoja aliyesimama kwenye ule mlango.

Kiti kimoja tu hakikunipa shida, kile cha Ngoie. Alikaa benchi la pili karibu na mlango, msichana mwembamba, shati jeupe lililooshwa mpaka likawa jepesi kama karatasi. Karibu kila siku alikuwepo. Lakini alinichanganya. Siku nyingine alikuwa wa hesabu: nikiandika swali ubaoni, jibu limeshatoka mdomoni mwake, na Kifaransa chake kinakwama kama pikipiki kwenye mchanga. Siku nyingine alisoma Kifaransa kama mtangazaji, na ukimwuliza sehemu na asilimia anaangalia paa. Nilisema ni umri. Nilisema labda siku nyingine hajala. Mwalimu anapewa watoto wengi na akili moja, anaeleza kila kitu kwa njaa, na mara nyingi hakosei.

Binti yangu ndiye aliyejua. Nilikuwa naye darasani kila siku, amelala kwenye karai la plastiki nyuma ya meza yangu, na akilia Ngoie wa hesabu alikuja bila kuitwa, akamwinua, akamtembeza mlangoni akimpigia ulimi, na mtoto akanyamaza. Ilikuwa hivyo wiki nyingi. Asubuhi moja, siku ya Kifaransa, mtoto akaanza kulia nami nina chaki mkononi. Nikasema, "Ngoie, umukamate." Akaja, akamchukua kama mtu anayechukua sufuria ya moto, na mtoto akamtazama usoni, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia, akajirusha nyuma. Wanafunzi wakacheka. Mimi sikucheka. Mtoto wa umri ule hapigi kelele hivyo kwa mtu aliyemzoea. Niliposema somo limekwisha nikamzuia msichana mlangoni. "We njo nani?" "Mi njo Ngoie, Madame." "Mutoto yangu anasema apana." Akaangalia viatu vyake. Viatu vilikuwa vikubwa. Akasema polepole, "Mi niko Umba. Ngoie ni yaya yangu, dada mukubwa. Leo iko ku zamu yake kwa mama." Halafu akaniomba, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo: "Madame, musitufukuze. Kama munafukuza, mufukuze mi. Jina ni yake."

Jioni nilikwenda kuwatafuta. Mama yao alitoka kaskazini, upande wa Manono, na alikuwa akipikia wachimbaji nje ya mji, barabara ya kwenda Kingamyambo, chini ya turubai lililoshonwa kwa magunia ya mawe. Masufuria matatu, moto wa makaa, mabenchi mawili. Ngoie, yule wa hesabu, uso ule ule wa mdogo wake, alikuwa akisonga bukari kwa mikono miwili, na vijana wenye nguo zilizogeuka rangi ya udongo walikula bila kuvua taa za kichwani. Mmoja alikuwa akimtania mwenzake, "We unakula kama unaanza kazi, na umetoka kulala!" Mwenzake akajibu, "Nilikuwa nalala njaa, njo kazi hiyo." Mama alinipa sahani kabla sijasema jambo. Bukari, sombe ya majani ya muhogo, kipande cha samaki. Nikala kwanza, kwa sababu nilikuwa nanyonyesha na kwa sababu sikukula tangu asubuhi. Halafu nikasema, "Mama, bana bako babili banakalia kiti kimoja." Akageuza samaki. "Na kiti kinalia?" Vijana wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Nikamwambia shule haiko hivyo, kila mtoto na jina lake. Akaweka kijiko chini, akanitazama.

"Madame, mi nililipa kiti moja. Yangu inakalaka mutupu?"

"Apana, Mama. Haikalake mutupu."

"Mu masomo yenu muko na biti ngapi bitupu, na babazazi balilipa? Kwa bale haukuye kulalamika. Unakuya kwangu, kiti yangu iko na mutu. Hawa babili, moja akienda, mwengine anabakia na masufuria. Mangaribi banafundishana. Mi nabasikiaka: 'Hapa Madame alisema hivi, hapa alisema vile.' Nikate nani? Unichagulie, we mwenye kusoma."

Sikumchagulia. Nilirudi kwa miguu. Nilijua kitu kimoja: mwisho wa mwaka wa nane kuna testi ya taifa, na bila hiyo msichana haendelei. Jina moja, testi moja. Tangu jioni ile ndilo jambo lililoninyima usingizi. Nikaenda jikoni kwa Prefe, nikamwambia yote, nikamwomba amwandike Umba. Viti vilivyolipwa na kuachwa vilikuwepo: Mukeya aliolewa mwezi wa pili na baba yake alikuwa amelipa mwaka mzima. Prefe hakushtuka. Alikoroga chai yake. "Madame, mi najua ile mambo tangu zamani. Kiti iko na mutu, prezansi iko muzuri, mi nitafute nini tena?" "Na testi, Prefe?" "Tutaangalia." Hiyo ilikuwa dawa yake ya kila kitu. Tutaangalia.

Kisha inspekta akatangaza kuja. Siku mbili Prefe hakulala. Alikopa watoto kwenye shule ya msingi ya jirani, akawachagua warefu, akawavalisha mashati ya wenzao, akawapa majina ya wasiokuwepo na kuwafanyisha mazoezi ya kuitika. Mtu aliyenitishia mimi kwa ajili ya mahudhurio alikuwa akiyashona kwa mkono wake kama mshonaji. Halafu akanijia gerejini: "Wambie ule mama alete na ule mwengine. Akalie kiti ya Mukeya." Nikamwuliza, "Kwa siku moja, ao kwa kweli?" Akasema, "Madame, alete mutoto." Basi siku hiyo, mara ya kwanza, niliwaona Ngoie na Umba pamoja, benchi moja, Umba amevaa shati la kuazima. Walikaa wamegusana mabega kama watu waliokutana baada ya safari. Inspekta alikuja, mtu mnene mwenye haraka, akaangalia gereji iliyojaa, akauliza swali moja la Kifaransa. Watoto wa kuazima wakainamisha vichwa. Umba, siku hiyo Mukeya, akasimama akajibu, sentensi nzima, na nyingine juu yake. Inspekta akampa mkono. "Prefe, mutoto kama huyu mumutunze." Prefe akainama. "Tunamutunza, Tata Inspekta."

Hapo ndipo mama alipokosea, na ni kosa ambalo hata mimi ningelifanya. Kwetu mkubwa akikuita ndani ya nyumba yake, akakukalisha kwenye kiti, akakutambulisha kwa mgeni, umekwisha kuwa wa nyumba ile. Hakuna anayerudi kuuliza kama alimaanisha. Prefe alimwita Umba kwa mdomo wake, mtu wa Leta alimshika mkono, basi Umba ni mwanafunzi. Mama akauza sufuria moja kati ya yale matatu, akanunua kitambaa, akashonesha shati na sketi ya pili. Alinionyesha kwa furaha, akiwa ameishika na ncha za vidole ili isichafuke na makaa. Nilimwambia, "Mama, Prefe hajasema ndiyo." Akanicheka. "Madame, ulitaka aseme mara ngapi?" Nilirudi kwa Prefe mara nyingine, na nyingine. Tutaangalia, tutaangalia.

Siku ya testi walikuja wote wawili na mama yao, asubuhi, nguo mpya na nguo ya zamani, kila mmoja na kalamu yake. Kituo kilikuwa shuleni kwetu. Prefe alikuwa amesimama getini na tai yake, akihesabu wanaoingia. Alipowaona akanyoosha mkono kama mlinzi wa barabara. "Mi najua Ngoie mumoja."

"Prefe, njo nyie mulimwita," mama alisema. "Mulisema nilete na huyu."

"Ile ilikuwa ile siku. Leo ni testi. Ngoie mumoja."

"Mbele ya inspekta mulisema munamutunza!"

"Mama, mupunguze sauti." Alikuwa akiangalia barabarani, kwa sababu motokari ya inspekta ilikuwa karibu kufika, na inspekta angeliwakuta wawili getini, akamkumbuka msichana aliyempa mkono kama Mukeya. Hakuogopa udanganyifu wa wale watoto. Aliogopa wake. "Muchague upesi. Moja anaingia, mwengine anarudi. Kama hamuchague, hakuna mwenye kuingia."

Mimi nilisema. Sitaki mtu afikiri kwamba nilisimama pale kama mti. Nilisema kwa sauti kwamba ni aibu, kwamba alimtumia mtoto kama kitambaa cha kufutia meza. Akanijibu bila kunitazama kwamba kuna walimu wengi wenye diploma wanaotembea mjini. Mama alikuwa amewashika wote wawili kwenye mikono, na hakuweza kumwachia yeyote. Ngoie ndiye aliyejitoa. Alivuta mkono wake kwenye mkono wa mama, akamsukuma mdogo wake mbele, akamwambia Prefe, "Ngoie njo huyu. Mi niko Umba. Mi nilimusindikiza tu." Umba akageuka, akaanza kusema, "Yaya, apana—" na Ngoie akamfinya, nilimwona, alimfinya mkono kwa nguvu. "Ingia, Ngoie." Prefe alijua. Alifurahi tu kwamba limekwisha. Akasogea kando, Umba akaingia na jina la dada yake, na geti likafungwa. Barabarani Ngoie alikuwa amevaa ile sketi mpya. Mama akasema, kwa sauti ambayo haikuwa na kitu ndani yake, "Twende, bantu batakuya kula," na wakaondoka kuelekea Kingamyambo, katikati ya malori.

Umba alifaulu. Anasoma mpaka leo, mbali, na vyeti vyake vyote vinasema Ngoie. Mwaka uliofuata mama alihangaika, akapata tena malipo ya kiti kimoja, akamleta binti yake mkubwa aanze upya mwaka wa saba kwa jina la Umba, kwa kuwa kwenye vyeti Umba ndiye aliyekuwa hajasoma popote baada ya shule ya msingi. Walimkalisha sebuleni, karibu na mahali pa moto, na watoto waliomfikia kifuani. Wakafundishwa sehemu na asilimia. Alikuwa amekwisha kuzijua, alimfundisha mdogo wake mwenyewe, jioni, kwenye moshi. Alivumilia muda, kisha akaacha kuja. Prefe akaniita jikoni. Matone yalikuwa yakidondoka chini ya ubao. "Madame, prezansi. Ule mutoto Umba hakuyake tena. Wende umutafute."

Nilikwenda. Turubai lilikuwa lile lile, masufuria mawili sasa, wachimbaji wameinamia sahani zao. Alikuwa akisonga, amenipa mgongo, na sikujua nimwite vipi. Alihisi kwamba kuna mtu, akageuka, akapangusa jasho kwa bega. Hakukasirika. Hakulia. Aliuliza kama anavyomwuliza mteja:

"Madame, munakuya kutafuta nani?"

Niligeuka, nikarudi nyumbani. Kesho yake sikwenda kazini, wala kesho kutwa. Prefe akamtuma mlinzi wa shule aje kugonga kwangu. Nilimsikia akiita jina langu langoni, akagonga, akaita tena. Nilikuwa ndani, namnyonyesha mtoto. Sikufungua.